Shangazi amzika Mgonjwa, amkataa Bwana Harusi

Saa kumi na moja na robo, kabla jua halijachomoza, madebe manne ya alumini yamekwisha kupakiwa na kamba imekazwa. Kwenye kituo cha kwanza cha kukusanyia maziwa, kibanda cha bati kando ya barabara ya udongo, mwanamke mwenye kofia ya sufu anapanda pikapu na kuvuta mlango. Mlango unafungika mara moja.

Nyuma yake watu wanane wanajipanga bila kuambiwa. Viganja kwenye bodi, mguu mmoja mbele, migongo imeinama. Mmoja anahesabu: moja, mbili.

Dereva anazungusha ufunguo. Injini inawaka. Pikapu inaondoka zake polepole na kuwaacha wanane wale wameinama, mikono imenyooshwa, hakuna cha kusukuma.

"Wiki ya tatu hii, jamani," dereva anawaambia kupitia dirishani. "Mnafanya nini huko nyuma?"

"Tunasindikiza," anajibu Mama Pacha, mfugaji wa ng'ombe watatu, huku akijipangusa mikono isiyo na vumbi.

Dereva huyo ana miaka arobaini na tisa, na kwenye vituo vyote vitano vya njia yake hakuna anayemwita kwa jina. Ni Shangazi. Kila asubuhi hukusanya lita mia sita na arobaini kutoka kwa familia arobaini na moja na kuzifikisha kiwandani kabla ya saa tatu. Ikigonga saa tatu geti linafungwa, na maziwa yaliyobaki nje huwa yamekwisha kupata joto. Mpimaji huyapima, hutikisa kichwa, basi. Jasho la familia arobaini na moja linarudi nyumbani likiwa limechacha.

"Maziwa hayana subira," anasema Shangazi. "Mtoto unaweza kumbembeleza. Maziwa utayaimbia nini?"

Miaka kumi na miwili iliyopita alikuwa msusi. Kaka yake, aliyekuwa akibeba mawe kwa pikapu ya dizeli iliyochoka, alifariki akaacha mabinti wawili na gari hilo. Mabinti walihamia kwa shangazi yao, na gari likaja pamoja nao. Mkubwa alikuwa na miaka tisa, mdogo sita. Walikuwa wakimwita Shangazi kutoka upande mmoja wa mtaa hadi mwingine, mpaka mtaa mzima ukaliokota jina.

Alijifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira, mabinti wakiwa wamekaa golini kumwambia lini asimame. Anakumbuka kwamba aligonga mlingoti mara mbili, na mara ya pili mdogo alimuuliza kama hajauona.

Gari lenyewe liliitwa Mgonjwa. Hakuna anayekumbuka nani alianza. Stata ya kuwashia injini ilikufa mwaka wa kwanza, ikatengenezwa, ikafa tena. Pampu ya dizeli ilivuja. Asubuhi lilikuwa likikohoa moshi mweupe, mchana mweusi. Fundi wake, bwana mwembamba ambaye mfukoni mwake hamkosekani bisibisi, akawa Daktari moja kwa moja. Wafugaji nao wakazoea kusalimiana kwa habari za hospitali.

Mgonjwa ameamkaje? Kapata usingizi. Kala? Kanywa lita tano, lakini kifua bado. Wageni waliosikia mazungumzo hayo kwenye foleni ya maziwa waliwapa pole.

Kwa kuwa Mgonjwa hakuwahi kuamka bila kusukumwa, Shangazi alipanga maisha yake kwa miteremko. Alihama nyumba nzuri yenye uwanja tambarare, akapanga nyingine iliyokaa kilimani na inayovuja jikoni, kwa sababu hapo pikapu ingeondoka yenyewe. Kwenye harusi ya mdogo wake wa tumbo moja alikosa mteremko kabisa. Aliliacha gari likinguruma nje ya ukumbi kwa saa nne, na picha zote za bi harusi zina ukungu.

Mama yake mzazi, bibi mwenye miaka themanini na masikio mazito, anaishi naye. Anasema alikuwa akijua mwanawe anarudi kwa kuhisi kiti chake kikitetemeka.

Vichekesho vilikuwapo, ila hasara ilikuwapo pia. Ndani ya miezi mitatu Mgonjwa alichelewa mara kumi na tatu. Kiwanda kilimwandikia Shangazi barua: akikosa kufika mara nne ndani ya mwezi mmoja, njia yake itafutwa. Kufuta njia maana yake si dereva tu kukosa kazi. Ni familia arobaini na moja kubaki na ndoo za maziwa na hakuna wa kuyanunua.

Mwezi uliofuata alikosa mara tatu. Ya nne ilikuja siku ya Alhamisi.

Kwenye kona ya machimbo, madebe kumi na sita yakiwa nyuma, kulisikika mlio kama sufuria iliyoanguka. Kisha kimya. Daktari, aliyekuwa amepanda naye siku hiyo kusikiliza kifua, alifungua boneti, akaangalia, akaifunga taratibu. Bloku ya injini ilikuwa imepasuka. Shangazi anasema hakulia. Alikaa juu ya jiwe, akatoa simu iliyokuwa imebaki na chaji kidogo, akapiga kiwandani.

Kwa kawaida simu ya kiwandani hupokewa na mama mmoja anayemjua Mgonjwa vizuri kuliko wajukuu zake. Siku hiyo alikuwa likizo. Alipokea karani mpya, kijana mwenye siku tatu kazini.

"Mwanangu, leo hatufiki," Shangazi alimwambia. "Mgonjwa amekata roho hapa kwenye machimbo."

Karani anakiri kwamba aliinuka kitini. Alitoa pole nyingi, kisha akauliza alikuwa anaumwa nini.

"Kifua. Miaka yote kifua. Na siku hizi asubuhi hainuki mpaka watu wanane wamshike."

Aliuliza marehemu alikuwa na umri gani. Shangazi akajibu miaka ishirini na sita. Karani akasema, mdogo hivyo. Shangazi akashangaa, akamwambia, mdogo wapi, huyo ni kizee. Hapo simu ikazimika.

Karani alibaki ameshika mkono wa simu, akawaza: mama wa watu amechanganyikiwa kwa uchungu. Akaenda moja kwa moja kwa meneja.

Meneja wa kiwanda, mwanaume mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa na barua mezani siku hiyo. Ilikwisha kuchapwa. Ilibaki sahihi tu ya kuifuta njia. Aliposikia habari ya msiba aliigeuza barua kifudifudi, akachukua wafanyakazi watatu na kapu la vyakula, wakapanda gari.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kupita njia ile. Alisema baadaye kwamba kichwa chake kilipiga paa mara sita kabla hawajafika.

Walifika saa tisa alasiri, wametulia, macho chini. Mgonjwa alikuwa amekwisha kuvutwa na trekta la jirani mpaka nyuma ya nyumba. Mbele ya nyumba alikuwapo bibi peke yake, anachambua maharage. Meneja alichuchumaa mbele yake, akampa mkono kwa mikono miwili, akamwambia wamesikia habari na wamekuja kuwafariji.

"Ahsante, baba," bibi alimjibu. "Yuko nyuma. Wamempasua kifua, Daktari bado yuko chini yake."

Wageni walitazamana. Mfanyakazi mmoja, mama wa makamo, alianza kujifunga kitambaa upya kichwani kwa hofu ya atakachokiona. Wakazunguka nyumba wamefuatana.

Walichokiona ni pikapu iliyoinuliwa juu ya mawe, boneti wazi, na miguu miwili ya fundi iliyojitokeza chini yake. Shangazi alikuwa ameshika tochi, na mafuta meusi yamempakaa mpaka kwenye kidevu.

Karani, aliyekuwa amebeba kapu, aliuliza kwa sauti ndogo kama huyo ndiye mgonjwa.

"Ndiye," alisema Shangazi. "Ulitaka nani?"

Wanaosimulia kisa hiki hawakubaliani nani alianza kucheka. Shangazi anasema ni Daktari, huko huko chini. Wanachokubaliana ni kwamba meneja, mwanaume wa maneno machache, alitafuta debe tupu, akaligeuza, akaketi juu yake na kucheka mpaka akavua miwani. Bibi alikuja na ungo wake kuuliza kuna nini. Walipomweleza, alisema yeye tangu mwanzo alijua wanazungumzia gari, ila aliona wageni wana adabu nzuri, akaona asiwakatize.

Kapu liliachwa. Meneja alisema msiba ni msiba.

Kabla ya kuondoka alizungumza na Shangazi faraghani. Alimwambia barua iko mezani na sababu za kuichapa bado zipo. Lakini barabara ameiona, na watu ameona wanavyoishi. Akampa siku kumi na nne. Katika siku hizo gari la kiwanda lingesimama kwenye barabara kuu, na wafugaji wangebeba maziwa wenyewe mpaka hapo. Siku ya kumi na tano, Shangazi awe getini kabla ya saa tatu na gari lake mwenyewe, la sivyo njia inafungwa.

Fedha za kuanzia zilikuwapo: akiba ya miaka saba iliyokusudiwa kujenga nyumba. Chama cha wafugaji kilimdhamini kwa sehemu iliyobaki. Kilichoanza kuwagawa watu ni swali la gari lipi.

Magari yaliyokuwa yakiuzwa kwa uwezo wake yalikuwa ya kampuni mbili, nayo mitaani yana majina yao. Moja huitwa Mkulima: pua pana, viti vya kawaida, umbo lile lile kwa miaka mingi. La pili huitwa Bwana Harusi, kwa sababu linang'aa, lina kioo cha kubonyeza badala ya vitufe, na ukilifungulia mlango linakuwashia taa.

Mwalimu mstaafu, mwenye ng'ombe watano na madaftari mengi kuliko ng'ombe, alisimama upande wa Bwana Harusi. Alikuwa amepiga hesabu: linatumia dizeli pungufu kwa karibu robo. Mama Pacha alikuwa upande wa Mkulima, kwa kuwa kiti chake cha mbele ni kirefu na kinaingiza abiria wawili na kikapu. Kwenye foleni ya maziwa watu walianza kusimama kwa vyama. Mke na mume wa kituo cha tatu walinuniana siku mbili.

Na Shangazi mwenyewe?

"Nisikudanganye. Moyo wangu ulikuwa kwa Bwana Harusi," anasema, na anacheka kwa aibu kidogo. "Miaka kumi na miwili nimevuta moshi. Nikaingia ndani ya lile gari, likanipulizia hewa ya baridi usoni. Nilitaka kulala humo humo."

Siku ya tisa walikwenda uwanja wa magari yaliyotumika, yeye na Daktari na wafugaji sita. Muuzaji, kijana nadhifu mwenye viatu vyeupe, aliwapokea vizuri. Aliwasha Bwana Harusi, wakasikiliza. Halikutoa sauti ya kukera. Aliwasha Mkulima, likanguruma kama kawaida ya magari ya namna yake. Kisha akauliza kama wangependa kuendesha.

Mama Pacha akasema, kwanza yote mawili yazimwe.

Muuzaji akazima. Mama Pacha akamwomba aweke nyutro na kuachia handibreki. Halafu wafugaji wakaliendea Bwana Harusi kwa nyuma, wakalizunguka, na kila mtu akashika mahali pake.

"Mama, gari hili halisukumwi," alisema muuzaji. "Lina ufunguo."

"Tunajua, baba," Mama Pacha alimjibu. "Lakini sisi gari tunalijua kwa nyuma. Mbele anajua Shangazi."

Wengine uwanjani walikuja kutazama. Ilikuwa kichekesho, watu sita wazima kusukuma gari zima la kununua. Lakini hatua ya nne tu, Mwalimu mwenyewe, aliyelipigania Bwana Harusi kwa madaftari, aliinua mkono, wakasimama. Alisema upande wa kushoto kuna kitu kinakataa. Mama Pacha akasema hata yeye amelisikia, linarudi nyuma kama ndama anayepelekwa kuchanjwa.

Daktari akalala chini. Alirudi na vumbi mgongoni na jibu fupi: breki ya gurudumu la nyuma kushoto inang'ang'ania, na ugonjwa huo si wa jana. Mtu alikwisha kulipaka rangi juu ya kovu. Muuzaji aliapa hakujua, na Daktari alimwamini. Alieleza pia kwamba kosa hilo ni la gari hilo moja, si la kampuni. Yapo ya aina hiyo yanayotembea vizuri sana. Kilichomtia wasiwasi ni kingine: Bwana Harusi anaendeshwa na kompyuta, na betri ikifa kabisa, mnaweza kumsukuma mpaka nchi iishe asiwake.

Wakahamia kwa Mkulima. Walisukuma kwa nguvu ile ile ya mazoea, nguvu ya kumsukuma Mgonjwa. Gari likaondoka mikononi mwao kama sabuni. Mwalimu alipiga magoti, Mama Pacha akapoteza kandambili moja, na muuzaji akakimbilia mlangoni na viatu vyake vyeupe kuvuta handibreki hatua mbili kabla ya kibanda cha mlinzi.

Wakamrudisha. Shangazi akapanda, akaweka gia ya pili, akawaambia wasukume tena, safari hii watu wanne. Akaachia klachi, na Mkulima akawaka bila ufunguo kumaliza kuzunguka.

Muuzaji, ambaye hakutaka kupoteza bei nzuri ya Bwana Harusi, alimwahidi Shangazi kwamba breki itatengenezwa kabla ya jioni na bei itapunguzwa. Shangazi aliliangalia gari lile kwa muda. Aligusa kioo chake kwa kidole.

"Nimeuguza miaka kumi na miwili," alimwambia. "Bwana harusi mgonjwa simtaki."

Siku ya kumi na tano, saa mbili na dakika ishirini, Mkulima alisimama mbele ya geti la kiwanda na madebe kumi na sita. Foleni ilikuwa haijaanza. Mlinzi alimuuliza Shangazi kama saa yake imeharibika. Meneja alitoka ofisini na barua mkononi, akaichana mbele yake vipande vinne, na karani mpya akavipokea kwa mikono miwili. Tangu siku ile Shangazi hajachelewa.

Mgonjwa aliuzwa kama chuma chakavu. Siku alipochukuliwa bibi alitoka kumuaga, kisha akalalamika kwamba sasa atajuaje mwanawe amerudi.

Shangazi ana mpango mwingine, nao uko bondeni. Ng'ambo ya kituo cha tano barabara inashuka mpaka mtoni, na huko chini ziko familia kumi na nne zenye ng'ombe. Hajawahi kuchukua maziwa yao hata siku moja. Ukizimika kule chini hakuna pa kusukumia, ni mlima kila upande. Wengi wao huwapa ndama maziwa au huyagawa. Mama mmoja kijana hupanda nayo kilima kwa mwendo wa saa nzima, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, na mara nyingi hufika akakuta vumbi la pikapu tu.

Jumamosi iliyopita Shangazi alishuka na gari tupu, Daktari kando yake. Walipima daraja kwa fimbo, likabakiza shubiri mbili kila upande. Walipofika chini kabisa, watu wakiwa wamekusanyika kando ya mto, Shangazi alifanya jambo ambalo Daktari anasema lilimtoa jasho. Alizima injini.

Palikuwa kimya, mto tu ukisikika. Alikaa kidogo, mikono mapajani. Kisha akazungusha ufunguo, injini ikawaka, na wanawake wa bondeni wakapiga vigelegele ambavyo huenda havijawahi kupigiwa pikapu.

Anataka kuanza Jumatatu. Itabidi atoke nusu saa mapema, na lita zitafika karibu mia nane. Meneja amekwisha kukubali kuzipokea. Yule mama kijana alikuja dirishani na ndoo yake tupu, akauliza kama ni kweli gari litashuka mpaka hapa, kila siku.

Shangazi alimtazama mtoto mgongoni, aliyekuwa macho, anatafuna ncha ya kitambaa alichobebewa.

"Huyu huamka saa ngapi?"

"Huyu? Saa kumi kashaamka, anataka dunia nzima iamke naye."

"Basi tutaanzia kwako," Shangazi alisema.